Edmond Albius: Mtumwa wa miaka 12 aliyeifanya vanila izae

KILA msimu wa maua, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, wakulima wa vanila wa Kagera, wa Mukono nchini Uganda, wa Visiwa vya Comoro na wa kaskazini mashariki mwa Madagaska huingia shambani wakiwa na kijiti chembamba mkononi. Hushika ua moja moja, hulichana kidogo, huinua kijingozi kilicho ndani yake, kisha hubonyeza kwa kidole gumba. Kazi ya ua moja huchukua sekunde chache tu, na mwenye mkono mwepesi huweza kumaliza zaidi ya maua 1,000 kabla ya saa sita mchana.

Kazi hiyo ndiyo inayobeba karibu biashara yote ya vanila duniani. Bila hiyo marando yatatambaa, majani yatanawiri, maua yatachanua na kudondoka, na mkulima hatapata hata ganda moja la kupeleka sokoni. Aliyeigundua kwa namna inayofaa shambani hakuwa profesa wala mwenye shamba. Alikuwa mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, kisiwa cha Wafaransa kilichoko mashariki mwa Madagaska, na alikuwa na umri wa miaka 12 tu. Jina lake ni Edmond.

Edmond alizaliwa mwaka 1829 katika eneo la Sainte-Suzanne, upande wa kaskazini wa kisiwa hicho ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon. Mama yake, Mélise, alifariki dunia wakati wa kumzaa. Kwa kuwa wazazi wake walikuwa watumwa, naye alizaliwa mtumwa, na kwa desturi ya wakati huo hakuwa na jina la ukoo. Watumwa waliandikwa kwa jina moja tu katika vitabu vya mashamba, jirani na hesabu za ng'ombe na mapipa ya sukari.

Kisiwa hicho hakikuwa na wenyeji kabla ya Wafaransa kukikalia katika karne ya 17. Watu wa kufanya kazi waliletwa kwa meli kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo msomaji wa Kilwa au Lindi asiione Réunion kuwa nchi ya mbali isiyomhusu.

Zao la kwanza kubwa kisiwani lilikuwa kahawa. Vimbunga vya mwaka 1806 na 1807 viliiharibu vibaya, na wenye mashamba wakahamia kwenye miwa. Lakini sukari inahitaji mtambo, mtaji na watu wengi, na mwenye eneo dogo lenye mteremko hakuweza kushindana. Walitafuta zao lisilochukua ardhi kubwa, lenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, na linalovumilia safari ya miezi baharini bila kuoza. Mtaalamu yeyote wa uchumi wa kilimo angewaambia watafute kitu kama vanila, na ndicho walichokitafuta.

Mmea usiozaa

Asili ya vanila ni misitu ya Meksiko na nchi za jirani zake. Watu wa kabila la Watotonaki, katika jimbo ambalo leo linaitwa Veracruz, waliitumia tangu zamani, na Waazteki walipowashinda waliwatoza maganda hayo kama kodi. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16, na huko ikapendwa sana katika kinywaji cha chokoleti. Kwa takriban miaka 300 Meksiko ilikuwa karibu peke yake katika soko hilo. Mwenye kutaka vanila alinunua huko kwa bei ya huko.

Wafaransa walijaribu kuuvunja ukiritimba huo. Miche ilifika Bourbon mwaka 1819 kwa meli ya nahodha Philibert, na mingine ikaletwa mwaka 1822 kutoka bustani ya mfalme jijini Paris. Hali ya hewa ya kisiwa iliifaa. Marando yalipanda mitini, yakatoa maua, wenye mashamba wakasubiri mavuno. Walisubiri karibu miaka 20. Maua yalichanua asubuhi, yakanyauka mchana, na siku ya pili yakadondoka. Wengi walikata tamaa, wakabaki na mche mmoja mmoja bustanini kama pambo.

Ili kuelewa walichokosa, yafaa kwanza kutazama jinsi mmea unavyotengeneza mbegu. Mkulima wa mahindi anaijua kazi hii hata kama hajawahi kuipa jina. Mbelewele zilizo juu ya mhindi humwaga unga wa manjano, yaani chavua, ambao ni mbegu ya kiume. Nywele zinazochomoza kwenye hindi changa ni njia ya kuingilia. Kila unywele mmoja umeungana na kijiyai kimoja ndani ya hindi. Punje ya chavua ikitua kwenye unywele huotesha mrija mwembamba unaoteremka hadi kwenye kijiyai, na hapo mbegu ya kiume huungana na ya kike. Kijiyai hicho huwa punje ya hindi. Unywele usiopata chavua hauna punje, na ndiyo sababu ukame ukipiga wakati mahindi yanatoa nywele mkulima huvuna magunzi yenye mapengo kama kinywa cha kibogoyo.

Katika maboga na matikiti, ua dume na ua jike hukaa mbalimbali kwenye mmea huo huo. Ua jike hutambulikana mapema kwa sababu nyuma yake kuna kiboga kidogo kilichokwishaumbika. Nyuki wasipofika, kiboga hicho hugeuka manjano na kuoza. Tunda halitengenezwi kwa ajili yetu. Mmea hulitengeneza ili kuzibeba na kuzilinda mbegu, na mbegu zisipotungwa, mimea mingi haioni sababu ya kuendelea kulilisha tunda.

Vanila ni jamii ya okidi, na ua lake limeumbwa kwa ugumu zaidi. Sehemu ya kiume na ya kike zimo ndani ya ua moja, zikikaribiana kiasi cha upana wa unyasi. Mtu angedhani ni rahisi. Lakini kati yake kuna kijingozi kinachoning'inia kama pazia na kuzuia chavua isifike upande wa kike. Chavua yenyewe si unga wa kupeperushwa na upepo. Imeshikamana kama donge la nta laini. Nje kuna petali moja iliyokunjwa kama faneli inayofunika vyote. Lazima kitu kiingie, kisukume pazia, kibebe donge na kulibandika panapostahili. Na muda ni mfupi: ua huchanua alfajiri na hufunga siku hiyo hiyo, lisifungue tena.

Huko Meksiko kazi hiyo hufanywa na nyuki wa misitu ya huko, na hata wao hufanikiwa kwa maua machache sana katika kila mia. Nyuki hao hawakupanda meli kwenda Bourbon. Wenye mashamba walihamisha mmea wakaacha mfanyakazi wake nyuma, na miaka 20 ya hasara ilitokana na hilo tu.

Wanasayansi wa Ulaya walikuwa wameanza kulifumbua fumbo hilo. Mwaka 1836 Charles Morren, profesa wa mimea katika mji wa Liège nchini Ubelgiji, alifanikiwa kuzalisha maganda ndani ya nyumba ya vioo kwa kuchavusha kwa mkono. Mwaka 1838 Joseph Neumann alifanya hivyo Paris. Hata hivyo, njia zao zilibaki katika bustani za kitaalamu. Mwenye marando Bourbon hakupata faida yoyote kutoka Liège. Umbali kati ya jambo kujulikana na jambo kufika shambani ulikuwa mrefu wakati ule, na wataalamu wa ugani wa leo wanajua kuwa haujafupika sana.

Asubuhi ya Bellevue

Yatima Edmond alikuwa mali ya Bibi Elvire Bellier-Beaumont. Akiwa bado mdogo alipelekwa kwa kaka wa bibi huyo, Ferréol Bellier-Beaumont, aliyekuwa na shamba la Bellevue, Sainte-Suzanne. Ferréol alipenda mimea kuliko kitu kingine. Alimchukua mtoto huyo akitembea naye bustanini kila siku, akimtajia majina ya mimea na kumweleza sehemu za maua. Kwa maelezo ya Ferréol mwenyewe alimpenda kama mtoto wa nyumbani. Pamoja na mapenzi hayo, hakumfundisha kusoma wala kuandika, na hakumwachia huru.

Jambo moja alilomfundisha lilikuwa kuchavusha mmea wa jamii ya maboga. Alimwonyesha jinsi ya kuchuma ua dume, kulisogeza kwenye ua jike na kusugua chavua mahali pake ili tunda lishike. Edmond alilishika somo hilo na kulihifadhi.

Mwaka 1841 Ferréol alikuwa akitembea bustanini pamoja na Edmond walipofika kwenye mche wa vanila. Ulikuwa mche wa zamani, uliokaa pale miaka mingi bila kuzaa. Safari hii Ferréol aliona maganda mawili mabichi yakining'inia. Alishangaa. Mtoto akamwambia kuwa ni yeye aliyeyafanya yazae. Ferréol hakumwamini, akaona ni porojo za kitoto. Siku chache baadaye aliona ganda jingine, na mtoto akarudia maneno yale yale. Ndipo akamtaka amwonyeshe.

Edmond alichukua ua lililochanua siku hiyo. Kwa kijiti chembamba cha mwanzi aliichana petali iliyokunjwa, akainua kile kijingozi mpaka kikasogea juu, halafu kwa kidole gumba akalikandamiza donge la chavua lishike upande wa kike. Ferréol aliyesoma vitabu vya mimea alielewa papo hapo alichokiona. Kumbe mtoto alikuwa amelichunguza ua kwa macho yake, akatafuta dume liko wapi na jike liko wapi kama alivyofundishwa kwenye boga, akakuta pazia, akaliondoa.

Kinachotokea baada ya kidole kuondoka ni kazi ya mmea wenyewe. Kile kinachoonekana kama kikonyo kilichobeba ua la vanila si kikonyo hasa, bali ni ovari, yaani mfuko wa vijiyai. Chavua ikishashika huotesha maelfu ya mirija inayoteremka ndani ya mfuko huo. Ua lililochavushwa hunyauka lakini hung'ang'ania pale pale, ilhali lisilochavushwa hudondoka siku moja au mbili baadaye. Hiyo ndiyo alama ambayo wakulima hutumia kukagua kazi ya jana. Katika wiki 6 hadi 8 mfuko hurefuka mpaka ukawa ganda lenye urefu wake kamili, na baada ya hapo huhitaji miezi kadhaa zaidi kukomaa, jumla kama miezi 9 kutoka siku ya ua. Chavua ikiwa kidogo, mbegu huwa chache, na ganda huwa fupi. Mnunuzi hupima urefu, kwa hiyo hasara ya mkono mzembe huonekana kwenye mizani.

Ndani ya ganda moja lililokomaa mna maelfu ya mbegu nyeusi, ndogo kama vumbi. Ajabu ni kwamba karibu hakuna mkulima anayezipanda. Mbegu za okidi hazina akiba ya chakula kama iliyomo ndani ya haragwe au punje ya hindi, na zinahitaji msaada wa kuvu fulani wa udongoni ili ziote. Ndiyo maana vanila hupandwa kwa vipande vya marando. Biashara nzima inategemea mmea kutunga mbegu, na mbegu zenyewe huishia ndani ya aiskrimu.

Ferréol aliandika barua kwa wenye mashamba wenzake kuwaeleza habari hiyo. Walimwita Edmond, naye akapelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wengine namna ya kufanya. Mtoto wa miaka 12 au 13 akawa bwana shamba wa kisiwa kizima, bila mshahara. Ilikuwa elimu isiyohitaji mashine, kitabu wala mtaji. Aliyeiona mara moja aliweza kuifanya kesho yake, na kumfundisha jirani kesho kutwa.

Takwimu za usafirishaji zinaeleza kilichofuata. Mwaka 1848 kisiwa kilipeleka Ufaransa kilo 50 za vanila. Mwaka 1858 zilikuwa tani 2. Mwaka 1867 zilifika tani 20, na mwaka 1898 tani 200. Mashine ya kukausha haikuwapo, lakini wakulima kama Ernest Loupy na David de Floris waliboresha njia ya kuyatumbukiza maganda katika maji ya moto, kuyafunika yatoe jasho, kuyaanika juani na kuyahifadhi mpaka yatoe harufu. Kilo 5 hadi 6 za maganda mabichi hutoa takriban kilo moja iliyokaushwa. Kabla ya mwisho wa karne hiyo Meksiko ilikuwa imepitwa. Na ikumbukwe kuwa sukari ya kisiwa ilianza kuporomoka katika miaka ya 1860. Vanila ndiyo iliyowashika mkono wenye mashamba wengi wakati huo.

Uhuru bila mtaji

Tarehe 20 Desemba 1848 Kamishna Sarda Garriga alitangaza mwisho wa utumwa kisiwani. Zaidi ya watu 60,000 waliachiwa huru, na Edmond alikuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 19. Sasa alihitaji jina la ukoo, akaandikwa Albius, neno linalotokana na Kilatini lenye maana ya weupe. Wapo wanaosema jina hilo lilichaguliwa kwa heshima ya ua la vanila, ingawa ua hilo ni la kijani kuelekea manjano. Wengine wanaona ilikuwa dhihaka ya kumwita mtu mweusi mweupe.

Hapa hesabu za uhuru huo zahitaji kuangaliwa. Mwaka 1849 sheria ya Ufaransa iliidhinisha fidia, na kwa Réunion ilikuwa zaidi ya faranga 700 kwa kila mtumwa. Fidia hiyo haikulipwa kwa waliofanya kazi bure maisha yao yote, bali kwa waliokuwa wakiwamiliki. Walioachiwa hawakupewa ardhi wala vifaa, tena waliamriwa wawe na mkataba wa kazi na mwajiri, la sivyo wangehesabiwa kuwa wazururaji. Edmond Albius alitoka shambani na ujuzi ambao kila mwenye shamba alikwishauchukua. Hakukuwa na hakimiliki ya kuushika mkono, na hata ingekuwapo, mtumwa hakuruhusiwa kumiliki kitu.

Aliteremka mjini Saint-Denis, makao makuu ya kisiwa, akapata kazi ya kusaidia jikoni kwa ofisa mmoja. Mambo hayakumwendea vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 alikamatwa katika kesi ya wizi wa vito na kuhukumiwa kifungo cha miaka 5 na kazi ngumu. Mtu ambaye kidole chake kilikuwa kinaijaza bandari ya Saint-Denis mzigo wa thamani akawa mfungwa.

Waliomkumbuka walikuwa wachache. Mézières Lépervanche, hakimu wa Sainte-Suzanne, alimwandikia gavana akimwombea msamaha, na hoja yake ilikuwa ya kiuchumi: koloni lina deni kwa mtu huyu, kwa kuwa tawi zima la biashara limetokana na yeye. Mwaka 1855 Gavana Hubert Delisle alimwachia kwa sababu ya mwenendo mzuri gerezani. Edmond alirudi Sainte-Suzanne, karibu na shamba alikokulia.

Alipotoka aliweza kuona vanila kila upande. Mashamba ambayo alipokuwa mtoto yalikuwa na mche mmoja wa pambo sasa yalikuwa na safu na safu, na kila msimu wanawake na watoto waliajiriwa kuchavusha kwa njia ile ile aliyowaonyesha wakubwa wao. Yeye hakuwa na shamba.

Ugomvi wa nani aligundua

Biashara ilipokuwa kubwa, walijitokeza wa kuidai sifa. Jean Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea aliyewahi kuongoza bustani ya serikali mjini Saint-Denis, alidai kuwa ni yeye aliyeionyesha njia hiyo kisiwani mwaka 1838 baada ya kuiona Paris, na kwamba mtoto yule alichungulia akaiga. Wengine walisema Edmond aliyavuruga maua kwa hasira ya kulipiza kisasi kwa bwana wake na matunda yakashika kwa bahati. Madai hayo mawili hayapatani hata yenyewe kwa yenyewe, lakini yalifanana kwa jambo moja: hakuna lililokubali kuwa mtoto mweusi asiyejua kusoma alifikiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Ferréol Bellier-Beaumont alijibu kwa barua kwa Volsy Focard, aliyekuwa akikusanya historia ya zao hilo. Richard alikuwa rafiki yake, hivyo haikuwa rahisi kuandika alichoandika. Aliuliza, kama Richard alikwishawafundisha wakulima mwaka 1838, kwa nini mwaka 1841 walimwita Edmond kila mahali aje kuwaonyesha? Kwa nini hakuna mkulima hata mmoja aliyekumbuka somo la Richard? Alihitimisha kuwa kumbukumbu ya rafiki yake imemdanganya, na akaeleza tena hatua kwa hatua yale aliyoyaona bustanini kwake. Ni barua inayosomeka kama ushahidi wa mahakamani, na bila hiyo huenda leo tungekuwa tunalitaja jina la Richard. Katika miaka hiyo hiyo msanii Antoine Roussin alichora picha ya Edmond, na ndiyo sura yake inayojulikana mpaka leo.

Wote wawili, Ferréol na Lépervanche, walitaka Edmond apewe posho ya serikali. Ombi halikuwa kubwa. Mwaka 1867, kwa mfano, tani 20 zilisafirishwa, na sehemu ndogo kabisa ya ushuru wake ingemtosha mtu mmoja kula na kuvaa mpaka afe. Lakini wenye mashamba walikuwa wakishindana kununua marando, na hakuna aliyeona sababu ya kulipia kitu ambacho tayari alikuwa nacho bure.

Wakati huo vanila ilikuwa inavuka bahari tena. Ilifika Shelisheli, Comoro na Madagaska, ambako Wafaransa wa Réunion waliipeleka mnamo mwaka 1880 wakianzia kisiwa cha Nosy Be. Baadaye Madagaska ikawa mzalishaji mkuu duniani, na bei ya mkulima wa Bukoba leo hufuata hali ya kule. Kimbunga Hudah kilipoipiga Madagaska mwaka 2000, bei ilianza kupanda hadi takriban dola 500 za Marekani kwa kilo moja ya vanila iliyokaushwa mwaka 2003, na mwaka 2005 ilikuwa imeanguka chini ya dola 50. Wakulima wengi wa Kagera na Uganda waliopanda wakati bei iko juu walivuna wakati haipo. Ilijirudia baada ya kimbunga Enawo cha mwaka 2017: bei ikafika kama dola 600 mwaka 2018, kisha ikaporomoka. Katika kupanda na kushuka kote huko gharama moja haijabadilika. Hakuna mashine iliyopatikana ya kuchukua nafasi ya kijiti na kidole gumba, na kila ganda lililouzwa liliguswa na mkono wa mtu asubuhi moja. Anayeuza ganda bichi kabla halijakomaa kwa kuogopa wezi anatupa kazi ya miezi yote hiyo kwa bei ya hofu.

Edmond Albius hakuyaona hayo. Aliishi miaka yake ya mwisho Sainte-Suzanne katika umaskini. Alifariki dunia tarehe 9 Agosti 1880 katika hospitali ya hapo, akiwa na umri wa miaka 51. Wiki mbili na siku kadhaa baadaye, tarehe 26 Agosti, gazeti la Le Moniteur la kisiwani liliandika habari fupi: kwamba mtu aliyegundua namna ya kuchavusha vanila, kwa faida kubwa ya koloni, amekufa hospitalini akiwa fukara, na kwamba ombi lake la posho, lililokaa muda mrefu, halikuwahi kujibiwa.